Simbamarara wa Mheshimiwa Khatiwada

Kila asubuhi Mheshimiwa Dilliram Khatiwada alikuwa na majukumu matatu mazito, na watu wote wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo, walijua kwamba hayaingiliwi. La kwanza lilikuwa kunywa chai ya maziwa yenye pilipili manga, kwa kelele za kutosha kuamsha mtaa. La pili lilikuwa kuvaa kofia yake ya dhaka, kitambaa cha Kinepali chenye marembo, na kuinamisha ncha yake kidogo upande wa kulia. La tatu lilikuwa kutoka nje na kitambaa kikuukuu kwenda kupangusa kibao cha namba cha gari lake, jua liwake au theluji ianguke.

Gari lenyewe halikuwa na cha kujivunia. Mlango wa nyuma haukufunguka mpaka upigwe teke, na teke hilo lilikuwa na mahali pake maalumu. Lakini kibao kiling'aa kama sahani ya arusi, kwa sababu kilikuwa na namba ya kiti chake katika Bunge la Jimbo la New Hampshire. Wabunge wa bunge hilo ni mia nne, wamebanana kama dagaa, na mshahara wao wa mwaka hautoshi kununua viatu vizuri vya majira ya baridi. Mheshimiwa alikuwa amekalia kiti hicho miaka sita.

Mjukuu wake Prapti, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa mshauri wake mkuu. Babu alimsomea miswada kwa sauti kwenye meza ya jikoni, naye Prapti alimsahihisha Kiingereza huku akimeza mkate. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka sita, miguu ikining'inia bila kufika sakafuni. Sasa miguu ilifika, na kazi ilikuwa inakwisha. Babu alikuwa ametangaza kwamba hatagombea tena.

"Magoti yangu yameomba kujiuzulu," alisema. "Nami siwezi kubaki Bungeni bila magoti."

Kikao cha kumuaga kilipangwa Alhamisi moja ya mwezi wa Juni. Wiki zile za mwisho babu alipangusa kibao kwa muda mrefu zaidi, na Prapti alimtazama kupitia dirishani, akisahau mkate wake.

Ni katika wiki hizohizo ndipo Mwalimu Pelletier alipowapa darasa lake insha: "Andika maisha ya mtu wa mji wetu wa Concord ambaye amefanya jambo."

Wyatt, aliyeketi nyuma ya Prapti, hakukawia kutamba. Babu yake alipotea mlimani siku tatu katika dhoruba ya theluji, akaokoka kwa kutafuna mkanda wa suruali yake. Darasa zima likaguna kwa heshima. Prapti akarudi nyumbani akiwa na wivu mkubwa kwa sababu ya mkanda.

"Wewe utaandika nini?" aliuliza binamu yake Nirjal, aliyekuwa na miaka kumi na minne na ulimi wa miaka arobaini. "Kwamba babu alikunja mashuka?"

"Babu ni mbunge, we!"

"Mbunge wa nini? Wa koleo la theluji?"

Prapti alimrushia kijiko, lakini neno lilikuwa limeshapenya. Maana maisha ya babu, ukiyapanga kwenye karatasi, hayakuwa na mkanda hata mmoja wa kutafuna. Alizaliwa Bhutan, katika shamba la machungwa. Akafukuzwa pamoja na wenzake wengi wanaosema Kinepali. Akakaa kambini Nepal miaka kumi na minane, katika kibanda cha mianzi, akifundisha watoto hesabu. Akaja Marekani. Akakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kwa miaka tisa.

Na siasa je? Siasa ilianza na kituo cha basi. Kila majira ya baridi magari ya kusafisha barabara yalisukuma theluji yote ikarundikana kituoni, na wanawake wazee wa jumuiya yao wakalazimika kusubiri basi wakiwa wamesimama barabarani. Bibi Devimaya, mke wa babu, aliteleza hapo akavunjika nyonga. Babu akauliza nani anapaswa kuondoa theluji ile. Akaambiwa sheria haisemi. Akauliza sheria hutungwa na nani. Wakamwonyesha jumba lenye kuba la dhahabu.

Basi akagombea. Alibisha hodi mlango kwa mlango akiwa na mfuko wa machungwa, kwa kuwa kwao mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Ilibidi mtu mmoja amvute pembeni na kumnong'oneza kwamba mgombea anayewagawia wapiga kura machungwa anaweza kueleweka vibaya. Tangu siku hiyo akaenda bila kitu, akiona aibu kila mlango ulipofunguliwa. Muswada wake wa vituo vya basi ulizikwa mara ya kwanza. Akaufukua. Ukazikwa mara ya pili. Akaufukua tena, na mara ya tatu ukapita. Hiyo ndiyo sheria yake moja, baada ya miaka sita.

Prapti aliyatazama hayo yote akaona yanahitaji msaada.

Katika rasimu ya kwanza aliongeza mto tu. Mto mdogo, uliofurika kiasi, ambao babu aliuvuka akikimbia. "Inasisimua!" Mwalimu Pelletier aliandika pembeni kwa wino wa kijani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Prapti hakutia maji tu, alitia na mnyama. Katika rasimu ya pili babu alivuka mto ule akiwa amembeba mama yake mgongoni, na ng'ambo akamkuta simbamarara. Alimpiga mwavuli wa pua, mara tatu. Simbamarara akaingiwa na soni, akaondoka zake.

Ijumaa Mwalimu Pelletier aliingia darasani akiwa amekumbatia insha ile kama kitoto kichanga.

"Nina habari njema," alisema, na sauti yake ikatetemeka. "Alhamisi, siku ya kuwaaga wabunge, Mheshimiwa Thibodeau ataisoma insha ya Prapti Bungeni. Tutakuwepo sote, kwenye roshani ya wageni. Halafu itaingizwa katika Hansadi, kitabu cha kumbukumbu rasmi za Bunge. Itabaki humo hata sisi sote tukiwa udongo. Mheshimiwa Khatiwada mwenyewe hajui, kwa hiyo ni siri!"

Darasa likapiga makofi. Prapti naye akapiga, polepole, kama mtu anayeua mbu.

"Hongera," Nirjal alimwambia jioni hiyo, baada ya kusoma nakala. "Umemwingiza simbamarara Bungeni bila hata uchaguzi."

"Utamwambia babu?"

"Mimi? Simbamarara ni wako. Mlishe mwenyewe."

Jumapili mchana babu aliketi kwenye ngazi za nyuma akimenya chungwa. Alimenya kwa mtindo wake wa siku zote, ganda likatoka zima kama utepe mmoja mrefu. Prapti akakaa karibu naye. Alitaka kusema, lakini ulimi ukachukua njia ya mzunguko.

"Babu, machungwa ya kwenu yalikuwa matamu kuliko haya?"

"Haya?" Babu alicheka. "Haya ni maji yaliyovalishwa koti. Ya kwetu, asubuhi yenye ukungu, ulikuwa hulioni shamba, unalinusa tu. Marehemu mama alikuwa akinituma, nami nafuata pua yangu mpaka kwenye mti."

Akamtazama ndege kwenye uzio. Prapti akasogea hatua moja zaidi.

"Babu, mtu akiandika jambo ambalo si kweli sana, lakini ni zuri, halimuumizi mtu... ni vibaya?"

Babu aliviringisha ganda la chungwa kidoleni.

"Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia. Siku tuliyotolewa kule, maofisa walileta karatasi. Ilikuwa imeshajazwa. Iliandikwa kwamba mimi, Dilliram, nimeuza shamba langu na ninaondoka kwa hiari yangu, kwa furaha. Wakasema, 'Weka sahihi.' Kisha wakaleta kamera wakasema, 'Tabasamu.'"

"Ukatabasamu?"

"Nilikuwa na mama mgonjwa, mke, na mtoto mchanga, yaani baba yako. Nilitabasamu." Alimpa Prapti nusu ya chungwa. "Hakukuwa na mto wala kukimbia. Tulipakiwa kwenye lori kama viazi. Lakini ile karatasi ipo mpaka leo katika kabati fulani, mjukuu wangu. Atakayeisoma miaka mia ijayo atasema, 'Huyu aliondoka akicheka.' Nami sitakuwepo kumwambia hapana."

Prapti alitafuna chungwa, likawa chungu kama shubiri. Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Bibi Devimaya akaita kwamba wali umeiva, na Prapti, aliyekuwa na miguu mizima, akakimbia.

Jumatatu hakusema. Jumanne akaumwa tumbo. Jumatano tumbo likapona, dhambi ikabaki.

Alhamisi ikafika. Jumba la Bunge lilijaa watu waliovaa vizuri. Wazee wa jumuiya yao walikuwa wamekuja na basi, wakashukia kwenye kituo kilichofagiliwa, wanaume na kofia zao za dhaka, wanawake na shali zao. Wanafunzi walipanga foleni kuelekea ngazi za roshani, Wyatt akiwa mbele. Prapti alipomwona babu akipita ukumbini, ameshika mkoba wake mkuukuu uliochanika mfuko, akaona kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akachomoka kwenye foleni.

"Babu! Ngoja, babu!"

"Kuna nini? Umekuwa mweupe kama theluji."

"Watasoma insha yangu. Kuhusu wewe. Na nimedanganya, babu. Nimeweka mto. Na... na simbamarara."

Babu alimtazama kwa muda mrefu. "Simbamarara," alirudia.

"Ulimpiga mwavuli."

"Nikashinda?"

"Ndiyo, babu." Machozi yakaanza kumtoka. "Na itaingia kwenye Hansadi, itakaa miaka mia, kama ile karatasi yako. Tafadhali waambie wasisome!"

Babu akavua kofia yake. Prapti hakuwahi kumwona akiivua mbele za watu. Akaishika mikononi, akaizungusha, kichwa chake cheupe kikionekana kidogo na kizee chini ya zile taa kubwa. Kisha akaivaa tena, akainamisha ncha upande wa kulia.

"Siwezi," alisema. "Katika Bunge hili, muswada huondolewa na yule aliyeuleta. Mimi nimekaa hapa miaka sita, sijawahi kuondoa wa mwenzangu. Wewe ndiye uliyeleta simbamarara. Twende, nitasimama karibu yako. Lakini maneno ni yako."

Mwalimu Pelletier alikuwa mlangoni akizungumza na Mheshimiwa Thibodeau, mzee mnene mwenye ndevu, aliyekuwa na shamba la miti ya kugemwa utomvu mtamu unaochemshwa ukawa mzito kama asali. Kwa miaka sita alikuwa ameketi kiti cha jirani na babu, na kila majira ya kuchipua alimletea chupa moja. Prapti alisema yote kwa pumzi moja, akiwa ametazama viatu vya mzee yule.

Mwalimu Pelletier alishika shavu. "Oh, Prapti. Mimi ndiye niliyeisifu." Akashusha mkono. "Nimesikitika. Tutazungumza kesho, wewe na mimi. Lakini ni afadhali umesema leo."

Mheshimiwa Thibodeau alikuwa na huzuni ya aina nyingine. "Hakuna simbamarara? Hata mdogo? Binti, nimefanya mazoezi ya kunguruma ndani ya gari siku nne! Mke wangu amenihamishia chumba cha wageni!"

"Hakuna, Mheshimiwa. Samahani."

"Basi nisome nini? Nimepewa dakika mbili, na kengele italia baada ya dakika kumi."

Prapti alimtazama babu. Babu alitazama dari, kama mtu asiyehusika. Juu ya meza palikuwa na kadi za rangi ya waridi, zile ambazo mwananchi yeyote hujaza anapotaka kutoa maoni kuhusu muswada. Prapti akachukua moja, akaigeuza nyuma, akaandika akiwa amepiga magoti sakafuni. Hakupata nafasi ya kupamba. Kadi ilikuwa ndogo.

Kengele ikalia. Kutoka roshani, akiwa amebanwa kati ya Nirjal na shangazi mmoja aliyenukia mafuta ya haradali, Prapti alimwona Mheshimiwa Thibodeau akisimama, kadi ikipotea katika mkono wake mkubwa.

"Mheshimiwa Spika," alianza, "haya yameandikwa na Prapti Khatiwada.

"Babu yangu alizaliwa tarehe mosi Januari, katika shamba la machungwa. Alifukuzwa. Walimwandikia kwamba aliondoka kwa furaha. Hakuondoka kwa furaha. Alipakiwa kwenye lori, na mama yake mgonjwa, na hakupigana na mnyama yeyote. Alikaa kambini miaka kumi na minane. Alikunja mashuka miaka tisa. Alileta hapa muswada mmoja mara tatu. Sasa bibi yangu husubiri basi juu ya ardhi kavu. Nilikuwa nimeandika uongo kwa sababu niliona haya hayatoshi. Yanatosha. Mwisho."

Shangazi aliyenukia haradali aliziba uso kwa shali, na nyuma yake mzee mmoja akapenga kamasi kwa nguvu. Kule mbele Bibi Devimaya aliketi wima na fimbo yake, mashavu yamelowa, bila kuyafuta. Kisha makofi yakaanza, chini na juu, hata Wyatt akasimama.

Lakini kulikuwa na mkono ulioinuliwa. Ulikuwa wa babu.

"Mheshimiwa Spika, naomba kurekebisha kumbukumbu."

Prapti akashika ukingo wa roshani. Alikuwa amekosea nini tena?

"Mjukuu wangu ameandika kwamba nilizaliwa tarehe mosi Januari," babu alisema. "Si kosa lake, ndivyo cheti kinavyosema. Lakini kambini karani aliniuliza tarehe, nikamwambia nilizaliwa mwezi wa Kartik wa kalenda yetu, machungwa yalipoanza kugeuka manjano. Akasema machungwa si tarehe. Akaandika mosi Januari, kama alivyowaandikia wengi wetu. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na karatasi. Nyumbani kwangu watu saba tuna siku moja ya kuzaliwa, tunakata keki moja yenye majina saba. Kama mtoto wa miaka kumi na miwili ameweza kusahihisha lake, mimi siwezi kuondoka hapa na langu. Naomba iandikwe: Kartik, tarehe haijulikani, machungwa yalikuwa manjano."

"Dilliram!" Mheshimiwa Thibodeau alipaza sauti, akisahau taratibu zote za Bunge. "Miaka sita tumekuimbia siku isiyo yako?"

"Na mliimba vibaya," babu alisema, akaketi.

Hata Spika alicheka, na karani akaandika.

Baadaye, katika uwanja wa magari, babu alipiga magoti taratibu nyuma ya gari lake, akafungua skrubu za kibao kwa bisibisi. Prapti alizipokea moja moja. Upepo ulikuwa mwanana, na kule mbali wazee wao walikuwa wakipanda basi, wakisaidiana kwenye ngazi.

"Umenikasirikia, babu?"

"Nilikasirika kwa muda wa kuvua kofia na kuivaa." Akapangusa kibao kwa kiwiko cha koti, mara ya mwisho, akamkabidhi. "Sikiliza. Walioandika ile karatasi yangu waliona kwamba ukweli wangu hauwafai, wakaandika mwingine. Wewe uliona hauvutii, ukafanya hivyohivyo, ingawa ulinipenda. Maisha ya mtu ni kama shamba la mwenzako. Ukiingia, tembea kwa adabu, usipande kitu kisichokuwa chake. Na ukikosea, rudi ung'oe kwa mkono wako mwenyewe, mapema, kabla hakijaota mizizi. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Haya, piga teke mlango, twende nyumbani."

Kibao kikatundikwa ukutani jikoni, na Prapti ndiye aliyekipangusa kila asubuhi. Adhabu ya Mwalimu Pelletier ilikuwa kuandika upya insha yote, kurasa sita, baada ya kumhoji babu jioni nane mfululizo. Jioni hizo ziligeuka kuwa tamu kuliko sikukuu. Siku moja Nirjal naye alikuja kukaa, akijifanya anatafuta chaja.

Kartik ilipofika, majani ya Concord yakiwa yamegeuka mekundu na manjano, Prapti na Nirjal walioka keki yenye jina moja tu. Ilikuwa imepinda upande mmoja. Juu yake walipanga vipande vya machungwa, na chini ya vipande hivyo Prapti akaandika kwa sukari: "Babu, tarehe haijulikani."

Babu akavaa miwani. Akaisoma keki neno kwa neno, kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma miswada. Akaizunguka. Akaitazama kutoka upande uliopinda. Nyumba nzima ikangoja.

"Hakuna marekebisho," alisema hatimaye. "Ikatwe."